Mwamba Ngoma na Redio ya Umma

Wazee wetu walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Neno hilo walilisema juu ya mtu na ngoma yake mwenyewe, aliyoichonga kwa mti wake na kuiwamba kwa ngozi aliyoinunua kwa fedha zake. Na mtu juu ya mali yake hana wa kumwuliza. Walakin hawakutuachia methali juu ya mtu aliyekabidhiwa ngoma ya mtaa mzima, ngoma ambayo kila nyumba imeichangia, kisha akaivutia kwake na kuwaambia majirani kwamba huo ndio uwambaji wa haki. Labda wazee hawakudhani kwamba atatokea mtu kama huyo. Sisi tunaye, na leo tumekusudia kumsema.

Ngoma tunayoikusudia ni redio ya umma pamoja na televisheni yake. Twasema "ya umma" kwa sababu umma ndio unaoilipia. Mwenye kununua sukari amechangia. Mvuvi anayenunua petroli ya mashine ya boti yake amechangia. Mkulima wa Wete, ambaye karafuu zake hana ruhusa ya kuziuza ila kwa shirika la Serikali, naye amechangia. Hatujapata kusikia karani wa kodi aliyemwuliza mlipaji, "Wewe ni wa chama gani?" kabla ya kuipokea fedha yake. Madhali swali hilo haliulizwi wakati wa kupokea, yatupasa kujua kwa nini laulizwa wakati wa kutangaza.

Wala si jambo dogo tunalolisema. Visiwa hivi vimekuwa na redio tangu mwaka 1951, ilipoanzishwa Sauti ya Unguja, na tangu siku zile kila mwenye kuitaka nchi ameijua thamani yake. Tarehe 12 Januari 1964, Serikali ilipopinduliwa, watu wa mjini na wa mashamba waliipata habari ile kwa sauti ya John Okello iliyotoka katika redio. Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipoufuta uchaguzi uliofanywa siku tatu kabla, hakwenda kuwaambia waandishi waliokuwa wakingoja matokeo Bwawani. Tangazo lake lilitoka katika televisheni ya Serikali. Baina ya siku mbili hizo ipo miaka 51, na watu mbali mbali, na sababu mbali mbali. Illa njia ya kuwafikia wananchi ilikuwa ile ile. Zamani mbiu ya mgambo ikilia watu walijua kuna jambo. Siku hizi mbiu ni redio, na aliyeishika pembe ndiye anayechagua lipi ni jambo na lipi si jambo.

Sasa tazameni nchi yenyewe ilivyo. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, Tume ilimtangaza Dakta Salmin Amour kuwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad ikampa asilimia 49.8. Hatutaki leo kuyafukua matokeo yale; tuyachukue kama yalivyosomwa na Tume yenyewe. Maana yake ni kwamba ukiwakalisha watu mia barazani, hamsini wanaona hivi na hamsini wanaona vile. Redio inayozungumza na hamsini tu, na kuwapa mgongo hamsini wengine, hiyo ni redio ya nusu ya nchi inayolipiwa na nchi nzima.

Twajua tutaambiwa: "Tuonyesheni uongo uliotangazwa." Hili ndilo jibu wanalolipenda, kwani wanajua kwamba uongo mtupu ni nadra. Lakini sisi wenye maduka tunajua kuliko wengi ya kuwa mpunjaji hana haja ya kusema uongo. Mizani yake ni mizani kweli, jiwe lake ni la kilo kweli, na mchele wake ni wa Mbeya kweli. Ila kidole kimegusa sahani. Ukimwuliza atakuapia, na kila alichokiapia ni kweli. Kidole tu ndicho ambacho hakukitaja. Upendeleo wa habari ndio kidole hicho, na mwenye kutaka kukiona asisikilize maneno peke yake. Na aangalie mambo matano.

La kwanza ni mpangilio. Habari inayotangulia ndiyo ambayo nchi inaambiwa kwamba ni kubwa. Kiongozi amefungua, kiongozi amepokea, kiongozi ameagiza. Hayo ndiyo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Bei ya unga iliyopanda, kisima kilichokauka, skuli iliyopungukiwa na madawati, hayo yangoje mpaka wakubwa waishe, na mara nyingi hawaishi.

La pili ni sauti. Mkubwa wa chama kinachotawala husikika kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na pumzi zake na makofi aliyopigiwa. Mpinzani husimuliwa. Mtangazaji humsemea kwa maneno machache aliyoyachagua yeye au aliyochaguliwa, na msikilizaji hajui kama mtu yule alikuwa akicheka au amekasirika, wala kama alikuwa na hoja au hakuwa nayo. Mtu asiyesikika kwa sauti yake ni kama maiti. Wengine ndio wanaomsemea.

La tatu ni vitenzi, na hili yataka sikio la mtu aliyesoma. Huyu "amebainisha", "amefafanua", "amesisitiza". Yule "amedai", "amelalamika", "amejigamba". Neno hata moja halijaongezwa juu ya waliyoyasema wote wawili, na hali hukumu imekwisha kutolewa. Mwalimu wa lugha anajua tofauti ya kusema na kudai. Mwandishi wa habari anaijua zaidi.

La nne ni kofia mbili juu ya kichwa kimoja. Jumatatu mkubwa anafungua barabara akiwa mtumishi wa watu wote, na redio inamfuata, nasi hatuna neno, kwa kuwa ni haki ya wananchi kujua barabara yao imefunguliwa. Jumanne mkubwa huyo huyo amevaa rangi za chama chake akiomba kura, na redio ile ile inamfuata kwa gari lile lile na mafuta yale yale. Kofia imebadilika, dereva hakubadilika. Je! mafuta ya Jumanne ni ya nani?

La tano ni kimya, nalo ndilo kidole kizito kuliko vyote. Uwanja umejaa watu hata mwenye baskeli hana pa kupitia; jioni watu wanafungua redio ili wasikie yaliyowapitia, nayo inawapa hali ya hewa. Kimya hakina mwandishi wa kumshitaki, wala sentensi ya kuikata kwa wino mwekundu. Walakin aliyekuwapo uwanjani anajua, na jirani yake anajua, na kuanzia jioni ile wawili hao hawaiamini tena redio hata ikiwaambia kwamba kesho ni Ijumaa.

Wala haya si maneno ya wapinzani peke yao. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuja katika uchaguzi wa mwaka 2015 walizipima habari za vyombo vya dola, wakaandika katika ripoti yao kwamba vyombo hivyo havikuvitendea vyama kwa usawa na kwamba chama kinachotawala ndicho kilichopata fungu nono. Watu hao hawana shamba Pemba wala duka Unguja. Walikuja na saa zao, wakahesabu, wakaenda zao.

Na tukitaka kuona jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa mchana kweupe, tukumbuke yaliyotokea Dodoma. Tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, aliliambia Bunge la Muungano kwamba televisheni ya taifa, TBC, itapunguza kuonyesha vikao vya Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, akataja shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Vikao vitarekodiwa, na watu wataonyeshwa usiku yaliyochaguliwa. Wabunge wa upinzani wakapinga, hata askari wakaingizwa ukumbini kuwatoa. Tuseme gharama ile ilikuwa kweli. Twauliza jambo moja tu: Bunge ndipo mahali pekee ambapo mpinzani na Waziri hupewa kipaza sauti kimoja, kwa zamu, mbele ya Spika, na wananchi wakawasikia wote wawili bila ya mkono wa mtu katikati. Ilikuwaje basi, kati ya gharama zote za televisheni, hiyo ndiyo iliyoonekana kuwa nzito? Mwenye duka anapobana matumizi humtambua mtu kwa kile anachoanza kukikata.

Tutaambiwa pia: "Nyinyi mna simu, mna intaneti, na mna idhaa za ng'ambo, iacheni redio ya Serikali." Jibu hili lina sura ya hekima, na tunalijibu kwa taratibu.

Ni kweli kwamba watu wa visiwa hivi wana mazoea ya zamani ya kusikiliza mbali. Mwaka 1954 Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, watu waliisogelea kwa sababu ilisema yale ambayo redio ya wakoloni isingeyasema. Tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili chake. Aliyenyimwa habari nyumbani huitafuta kwa jirani, na hilo halihitaji mwalimu. Lakini jirani ana mambo yake. Sauti ya Amerika, iliyosikilizwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, ilinyamazishwa mwezi wa Machi 2025 kwa amri ya Serikali ya Marekani yenyewe, na watu waliokuwa wakiitegemea wakabaki na mvumo mtupu. Hakuna aliyetuuliza sisi. Wala hapakuwa na haja ya kutuuliza, kwani haikuwa yetu.

Ama intaneti, nayo tumeiona. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla ya kurudishwa. Katika siku zile, mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Dar es Salaam yu hai alirudi kwenye chombo kile kile tunachoambiwa tukiache. Basi chombo kinachobakia wakati vyote vimezimwa hakiwezi kuitwa kitu cha kuachwa. Na hata siku za amani, bibi aliyeko shamba Makunduchi hana fedha ya vifurushi; ana redio na betri mbili, na betri hizo huzitia juani ili zipate nguvu ya kumfikisha kwenye taarifa ya habari ya usiku.

Zaidi ya hayo, upotofu huu unaidhuru Serikali kabla ya kumdhuru mpinzani. Itakuja siku ambapo redio itatangaza kweli tupu: kipindupindu kimeingia, chemsheni maji, au upepo mkali unakuja, wavuvi wasitoke. Siku hiyo nusu ya nchi itakuwa imekwisha zoea kuizima. Imani ni kama deni la dukani: mtu hukukopesha mara nyingi ukimlipa, na ukimdhulumu mara moja hurudi nyuma ya meza na kukutazama tu. Redio iliyokopa imani ya watu kwa miaka na isiilipe, na isitazamie kukopeshwa siku ya msiba.

Sasa tugeuke tutazame wenzetu, ili isije ikadhaniwa kwamba tunataka jambo ambalo halijapata kufanywa duniani.

Uingereza, ambayo watu hupenda kuitolea mfano, haikuzaliwa na haki hii. Mwaka 1926, katika mgomo mkuu wa wafanyakazi, kiongozi wa chama cha Labour, Ramsay MacDonald, aliomba kuzungumza katika BBC naye hakupewa nafasi. Ilipita miaka 30. Katika vita vya Suez, Waziri Mkuu Anthony Eden alizungumza na taifa tarehe 3 Novemba 1956. Kesho yake, tarehe 4, BBC ile ile ikampa kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, nafasi ya kumjibu, na akasema wazi wazi kwamba vita vile si vya haki, ilhali askari wa Kiingereza walikuwa karibu kuteremka Misri. Serikali ilikasirika sana. Lakini nchi haikuanguka kwa sababu watu wake walisikia maneno mawili badala ya moja.

Tukisema Uingereza tutaambiwa ni nchi ya mbali na ya matajiri. Haya, tuje Afrika. Nchini Ghana, mwaka 1993, Serikali ilipewa nafasi katika redio na televisheni ya taifa kuieleza na kuitetea bajeti yake. Chama cha upinzani cha New Patriotic Party kikaomba nafasi kama hiyo kueleza kwa nini kinaipinga. Shirika la Utangazaji likakataa. Chama hakikuchoma matairi wala hakikumtukana mtangazaji. Kilichukua Katiba ya mwaka 1992, inayoviamuru vyombo vya habari vya dola vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana, kikaenda nayo Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Novemba 1993 Mahakama ikaamua kwamba chama kile kina haki, na Shirika likaamriwa kukipa nafasi. Katiba hiyo hiyo imeunda Tume ya Taifa ya Habari, na tume ndiyo inayoteua bodi za vyombo vya dola, kwa kushauriana na Rais. Rais hawateui peke yake. Katika uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2000 chama kile kilishinda urais, na walioondoka madarakani wakawa ndio wapinzani, nao hukumu ile ikawa kinga yao. Hivyo ndivyo ilivyo sheria njema: leo inamsitiri Fulani, na kesho inamsitiri aliyekuwa akimnyima Fulani.

Zambia ilianza vizuri vivyo hivyo, walakin mwisho wake una mafunzo mengine. Mwaka 1990 Rais Kenneth Kaunda alitoa amri kwamba vyombo vya habari vya dola visiwatangaze viongozi wa MMD. Arthur Wina na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Mahakama ikasema kwamba amri ile inavunja Katiba. Mwaka uliofuata, 1991, MMD ikashinda uchaguzi na kuingia Ikulu. Mtu angedhani kwamba walioonja uchungu wa kunyimwa redio watakuwa wa kwanza kuiachia. Haikuwa hivyo. Ikawa zamu ya wapinzani wapya kulalamika kama MMD ilivyolalamika. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya kuiondoa bodi ya shirika la utangazaji mikononi mwa Waziri peke yake, na majina yaletwe na kamati ya uteuzi. Majina yakachaguliwa, Waziri akakataa kuyapeleka Bungeni. Vyama vya wanahabari vikaenda mahakamani vikashinda, kisha mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaupindua ushindi wao.

Hapo ndipo penye neno letu lote. Kosa haliko katika chama hiki wala kile. Kosa liko katika kumpa mtu mmoja mamlaka ya kumwajiri na kumwondosha yule anayehesabu dakika zake. Hapa kwetu Mkurugenzi wa shirika la utangazaji la Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar, na wa TBC huteuliwa na Rais wa Muungano. Hatuwatukani walioteuliwa; wamo miongoni mwao watu waliosoma na wenye adabu. Lakini mwekeni hata walii katika kiti ambacho mwenye kumtia na mwenye kumtoa ni yule anayemtangaza, kisha mngoje miezi sita. Ngozi itakuwa imevutwa upande mmoja, naye mwenyewe ataapa kwamba hakuigusa.

Kwa hivyo tunataka mambo matatu, na tunayaandika kwa ufupi ili yasipotee.

Kwanza, bodi ya redio ya umma na mkurugenzi wake wachaguliwe mbele ya watu, na kamati yenye wajumbe wa pande zote na wa watu wasio na chama, na akishachaguliwa mtu asiondolewe ila kwa sababu iliyoandikwa na kusomwa.

Pili, iwepo haki ya kujibu. Kiongozi akiitumia redio ya umma kumshambulia mtu au chama, aliyeshambuliwa apewe muda ule ule, katika saa ile ile, kwa sauti yake mwenyewe. Bajeti ikitetewa jioni, ipingwe jioni. Isipingwe saa saba za usiku, watu wamelala.

Tatu, dakika zihesabiwe na hesabu itangazwe kila mwezi, na wakati wa uchaguzi kila wiki. Sisi wenye maduka hatuna hiari katika jambo hili: mkaguzi wa vipimo akija hutoa mawe yake na kupima mizani yetu mbele ya wateja, na asiyetaka kupimwa anajulikana ana nini. Kwa nini mizani ya ratili ya sukari ikaguliwe, na mizani ya nchi isikaguliwe?

Madai haya si zawadi tunayoiomba. Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kupewa habari. Haikuandikwa humo "kila mtu wa chama fulani".

Nanyi ndugu wasomaji, msiseme kwamba kazi hii ni ya viongozi na mawakili peke yao. Wakili akienda mahakamani bila ya hesabu atarudi na aibu. Kila tawi na lichague watu wawili, wenye mwandiko wa kusomeka na wasiokuwa na papara. Wawe na saa na daftari. Kwa siku saba mfululizo wasikilize taarifa ya habari ya usiku, na kwa kila habari waandike: ni ya ngapi katika mpangilio, inamhusu nani, imechukua dakika ngapi, mtu amesikika kwa sauti yake au amesimuliwa, na kitenzi gani kimetumika. Siku ambayo palikuwa na mkutano mkubwa ambao haukutajwa, waandike pia kimya hicho, na tarehe, na mahali. Na jambo hili twalisisitiza: redio ikitenda haki, waandike vile vile, bila ya kupunguza hata nusu dakika. Daftari linaloandika makosa tu ni kidole kingine juu ya sahani nyingine, na hakimu atakiona.

Kadhalika tunawasihi vijana wasiwatukane watangazaji barabarani. Mtangazaji ni mtoto wa watu, ana kodi ya nyumba na ada ya skuli ya wanawe. Mara nyingi karatasi anayoisoma hakuiandika yeye, na huenda anaisoma huku moyo wake unaikataa. Siku kitakapobadilika kiti tutamhitaji mtu huyo huyo, mwenye Kiswahili chake kizuri, aketi pale pale atusomee habari sawa sawa.

Liko jambo la mwisho, nalo tunalisema kwa wetu kabla ya kulisema kwa wengine. Wapo miongoni mwetu wanaosema: "Ngojeni tushinde, redio itakuwa yetu, na wao watanyamaza kama tulivyonyamazishwa." Maneno haya hatuyakubali. Hayo ndiyo maradhi ya Zambia, na mwenye kuyasema hataki redio ya umma. Anataka zamu yake ya kuvuta ngozi. Siku tutakaposhinda, tunataka asubuhi yake taarifa ya habari itaje makosa yetu, na jioni yake aliyeshindwa asikike kwa sauti yake akitupinga. Akiwepo wa kwetu ambaye jambo hilo linamchoma, na aseme sasa, mbele yetu, ili tumjue mapema.

Daftari zitakapokamilika zipelekwe afisi za matawi, Unguja na Pemba, nazo zitajumlishwa na kuchapishwa katika ukurasa huu, dakika kwa dakika, yaliyo juu yao na yaliyo juu yetu.